Akyaa Asiye na Mshale

Kumasi kuna watu waliojifunza kusoma kwa vitabu, na kuna Yaa Dufie, aliyejifunza kusoma kwa maiti. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo za msiba kule Ejisu, nyeusi kwa nyekundu, na kibanda chake kilibandikwa matangazo ya marehemu tabaka juu ya tabaka, mpaka watu wakasema ukuta wenyewe ulianguka zamani, kilichobaki kimesimama ni karatasi. Mtoto Dufie alikaa chini ya meza ya cherehani akisoma. Juu picha ya marehemu, chini yake umri, halafu ukoo mzima: mjane, watoto, wajukuu, vitukuu, wapwa, wakwe. Alipofika miaka saba alikuwa anajua nani ni mpwa wa nani kutoka Ejisu mpaka Mampong, na uchumba mmoja ulivunjika kwa sababu yake, maana aliinua kichwa kutoka chini ya meza akawauliza wale wawili kama wanajua kwamba bibi yao ni mmoja.

"Mtoto huyu," mama yake aliwaambia wateja, "hata sisimizi wakipita anataka kujua mjomba wao ni yupi."

Akakua, akaenda chuo kikuu kusomea kompyuta. Mama yake hakumzuia, ila alinunua cherehani ya pili, akaifunika kitambaa, akaiweka pembeni ya ile ya kwanza. "Kompyuta zikikushinda," alisema, "cherehani haina kinyongo." Na kila Dufie aliporudi nyumbani alikuta kitambaa kimefuliwa, cherehani imetiwa mafuta, inamsubiri kama mchumba asiyekata tamaa.

Kazi aliipata kwa Bwana Asenso, mwenye ofisi ya watu watano juu ya mgahawa wa fufu, ule ugali wa mihogo na ndizi unaopondwa kwa mchi. Wapondaji walipoanza saa nne asubuhi, kompyuta zilicheza mezani. Mwenzake wa karibu, Barima Twum, alikuwa akiandika msimbo kwa kufuata mapigo ya mchi, na programu ikikosea aliwalaumu wa chini.

Ofisi ile iliishi kwa mteja mmoja tu, naye ni Wofa Dapaah. Wofa maana yake mjomba, na mji mzima ulimwita hivyo, hata waliomzidi umri, kwa kuwa ana mabasi thelathini na mjomba mwenye mabasi hana anayemkataa. Tiketi zake zote zilikatwa kwa programu iliyotunzwa na ofisi ya Bwana Asenso.

Programu, kwa asiyeijua, si kitu kimoja. Ni ukoo unaokaa ua mmoja. Kipande hiki kinahesabu viti, kile kinaandika majina ya abiria, kingine kinamtumia dereva ujumbe, na kila kimoja kinaazima chumvi kwa mwenzake. Aliyeuzaa ukoo huu ni kijana mmoja, Atuahene. Huyo alivipa vipande vyote majina ya mama zake wakubwa na wadogo, vipande mia moja na arobaini, akiwa na mama wengi kuliko samaki wa Ziwa Bosomtwe. Kisha akapata viza ya Kanada akaondoka bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Alipopigiwa simu alisema huko theluji inaanguka, akakata.

Sasa Wofa Dapaah alitaka jambo moja dogo: abiria akitaka kubadilisha siku ya safari, abadilishe kwa simu yake, asije kupanga foleni stendi. Jambo dogo. Lakini Barima Twum alipomgusa Birago, kipande cha viti, mizigo ya watu wa Tamale ikaandikwa kwa jina la askofu mmoja. Akamgusa Nyarko ili kumponya Birago, jumbe zote za madereva zikaenda kwa dereva mmoja, aliyelala amechoka na kuamka akiwa na safari kumi na tisa.

Wofa Dapaah alipanda ngazi za ofisi mwenyewe, akakaa, akafuta jasho.

"Asenso, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Hapana, Wofa."

"Mwisho wa mwezi ni Ijumaa ya wiki ya nne kuanzia leo. Ikifika abiria wangu hawajaweza kubadilisha siku, nawapigia watu wa Accra waje wachukue kazi."

Akashuka. Bila Wofa Dapaah ofisi ingefungwa mwezi huohuo, na Dufie aliiona cherehani ya pili ikijivua kitambaa yenyewe.

"Tumekwisha," alisema Barima Twum. "Dufie, mwambie mama aniwekee na mimi cherehani."

"Wewe utashona nini, kila mshono wako unafumuka," alijibu Dufie. "Tatizo letu tunawashika watu wa ukoo bila kujua nani ni wa nani. Nipeni siku tatu niwachore."

Kulikuwa na chombo cha kazi hiyo, cha bure, kilichotengenezwa na watu wa mbali wenye roho nzuri. Chombo hicho kinaingia kwenye msimbo, kinasoma kichwa cha kila faili, pale faili linapotaja wenzake linaowahitaji, kisha kinachora. Kila kipande kisanduku, kila hitaji mshale. Dufie alikifunga, akakielekeza kwa mama zake Atuahene, akabonyeza. Kompyuta ikapiga kelele kama mbuzi anayeoshwa, ikatoa picha.

Waliichapa kwenye karatasi tisini, wakazigundisha ukutani. Ilifunika ukuta, ikafunika dirisha, ikapinda kona kuelekea chooni. Mishale ilikuwa mingi mno. Mjusi mmoja aliyeingia humo Jumatatu alionekana Jumatano akitokea upande wa pili, amekonda, na tangu hapo hakutaka tena kutembea ukutani, akawa anapita sakafuni kama mtu.

"Hii si picha," alisema Bwana Asenso. "Hii ni nywele za mwendawazimu."

"Bosi, tulia. Soma kama tangazo la msiba." Dufie akaweka kidole. "Huyu Birago, mishale sitini inamwendea. Huyu ndiye mwenye chungu, kila mtu anakula kwake, ndiyo maana ukimgusa mji unalia. Huyu Nyarko anamtegemea Birago, na Birago anamtegemea Nyarko. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyemzaa. Hiyo ni aibu, tutaikata. Na hawa hapa pembeni ni wazee wasio na mtu. Hakuna mshale unaowaendea. Wamekufa zamani, tunakaa nao sebuleni tu."

Barima Twum aliitazama ile picha, akakuna kichwa. "Basi tuwazike."

Hapo ndipo desturi ya ofisi ile ilipozaliwa. Mtu wa Kumasi hafukiwi kimyakimya kama ganda la ndizi. Kuna siku ya wiki moja, watu wanakusanyika, ukoo unatambuliwa, ndipo mazishi yanapangwa. Dufie akasema kila kipande kitakachofutwa kitatundikiwa tangazo mlangoni kwa wiki moja: jina lake, umri wake, kazi aliyofanya uhai wake, na ndugu zake wote kama chombo kilivyowachora. Mwenye kumjua marehemu ajitokeze. Wiki ikipita kimya, anazikwa.

Lilikuwa jambo la mzaha, lakini lilifanya kazi kuliko mikutano yao yote. Wiki ya kwanza walitundika kumi na mbili. Mmoja wao, Konadu, alidaiwa na Barima Twum dakika ya mwisho. Alikumbuka kwamba ndiye anayechapa tiketi upya karatasi ikikatika. Konadu akashushwa mlangoni akiwa hai. Kumi na mmoja wakazikwa Jumatatu, Bwana Asenso akanunua soda, Barima Twum akajifunga kitambaa chekundu kichwani akalia kilio kizuri mpaka wapondaji wa chini wakapanda kutoa pole, wakashuka wakitukana.

Wiki ya pili Dufie aliwatenganisha Birago na Nyarko, wakaacha kuzaana. Picha ikapungua, dirisha likaonekana, hewa ikaingia.

Wiki ya tatu akatundikwa Akyaa.

Akyaa alikuwa kisanduku peke yake kona ya chini, karibu na choo. Mshale wa kumwendea haukuwepo hata mmoja. Tangazo lake lilikuwa fupi la kusikitisha: *Akyaa, miaka minane. Hakuacha mjane, mtoto wala mjukuu.* Dufie alipolibandika lilimgusa moyo kidogo, maana kule kwa mama yake hakuwahi kuona tangazo lisilo na ndugu. Hata mwizi huwa na shangazi.

"Una uhakika na huyu?" aliuliza Bwana Asenso. "Alikuwa anafanya nini?"

"Anahesabu watu, bosi. Lakini Birago naye anahesabu watu. Nadhani Atuahene alimwandika, akamsahau."

"Haya. Picha haidanganyi," alisema Bwana Asenso, naye ndiye aliyelisema, ingawa baadaye alikana mbele ya mashahidi.

Wiki ikapita. Hakuna aliyekuja. Akyaa akazikwa Jumatatu ya wiki ya mwisho, bila soda, kwa kuwa walikuwa na haraka. Jumatano abiria wa kwanza alibadilisha siku ya safari kwa simu yake akiwa kitandani. Wofa Dapaah alipiga mwenyewe kusema ameona, ni kizuri, na Ijumaa akirudi msibani atatoa neno la mwisho. Ofisi ilicheka. Dufie alimpigia mama yake akamwambia auze ile cherehani.

"Nitangoja Jumamosi," alisema mama yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Maame Pomaa, mkata tiketi mkuu wa stendi, mwanamke aliyekaa dirishani miaka ishirini, mwenye sauti inayoweza kusimamisha basi bila dereva kukanyaga breki.

"Nani ameichezea mashine yangu?"

"Kuna nini, mama?"

"Njoo uone. Njoo na viatu vya kukimbilia."

Dufie na Barima Twum walikwenda mbio. Stendi ilikuwa nyeusi. Watu mia tatu, na wengine wanasema elfu, wote wamevaa vitambaa vyeusi na vyekundu, wamekaa juu ya mabegi, juu ya viti vya plastiki vya kukodi, juu ya masufuria ya kupikia msiba. Ilikuwa ni Ijumaa ya misiba saba. Basi la Berekum lilikuwa limejaa tangu jana, la Techiman limejaa, la Sunyani limejaa, na hakuna lingine lililofunguliwa. Na katikati ya wafiwa, juu ya begi lake, amejifunga kitambaa cheusi begani, mkononi ameshika ndala, alikaa Wofa Dapaah. Mwenye mabasi thelathini amekosa kiti.

"Dufie, mwanangu," alisema kwa upole uliotisha. "Shemeji yangu amelala Berekum. Mwili unatoka chumba cha maiti saa tisa mchana. Mimi ndiye nitakayeupokea."

"Ndiyo, Wofa."

"Nilimuuliza Pomaa kiti. Akaniambia mashine inasema hakuna. Nikamwambia basi ni langu. Akaniambia mashine haijui hilo."

"Haijui kweli," alisema Maame Pomaa kutoka dirishani. "Nimeibembeleza."

Mama mmoja mwenye sufuria kubwa kichwani akamtazama Dufie juu hadi chini. "Huyu ndiye aliyewanyima watu msiba? Na alivyo mwembamba."

Barima Twum alikuwa tayari nyuma ya nguzo. Dufie akaenda dirishani, jasho likimtiririka, akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza wiki mbili nyuma. "Mama, Ijumaa nyingine za misiba huwa inakuwaje?"

"Huwa mabasi yanaongezeka."

"Nani huyaongeza?"

"Yenyewe." Maame Pomaa akainua mabega. "Alhamisi saa sita mchana nikiwa nakula wali na maharage, mashine inalia ting, naona Berekum limekuwa mawili, Techiman matatu. Miaka minane. Mimi nilidhani ni Mungu."

"Na jana?"

"Jana nilikula wali mpaka ukapoa. Haikulia."

Dufie akaingia kibandani. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya tiketi, kati ya kikombe cha chai na mihuri, akatafuta jina la marehemu kila mahali, si kwenye msimbo tu. Akalipata. Ndani ya karatasi ya ratiba, ile orodha ya kuiambia mashine iamke saa ngapi ifanye nini, pale ambapo chombo cha kuchora hakikuwahi kutia mguu kwa sababu si faili la msimbo, palikuwa na mstari mmoja wa Atuahene: kila Alhamisi saa sita, mwamshe Akyaa. Akyaa akiamka anahesabu waliokosa viti kwenda mji mmoja. Wakizidi thelathini anafungua basi jingine na kuwaita madereva wa akiba.

Kumbe Akyaa alikuwa na ndugu. Walikuwa ndugu wa nje tu, wale wasioandikwa kwenye tangazo, wanaofika siku ya mazishi na watoto watatu wenye pua ya marehemu.

"Barima, toka nyuma ya nguzo," aliita Dufie. "Tunafukua."

Katika kazi yao hakuna kaburi lisilofunguka. Kila kilichofutwa kina nakala yake iliyotunzwa, ni kujua tu kilizikwa siku gani. Dufie alimjua marehemu wake. Akamtoa, akamkung'uta, akamrudisha mahali pake, akamwamsha kwa mkono wake mwenyewe bila kungoja Alhamisi.

Mashine ikalia ting.

Ikalia tena. Ikalia mara tisa, na Maame Pomaa akaweka mkono kifuani. "Huyo ndiye yeye," alisema. "Karibu nyumbani."

Kule uani nyuma ya stendi simu tisa ziliita kwa pamoja mifukoni mwa madereva tisa wa akiba, waliokaa tangu alfajiri wakicheza dama chini ya mabasi tisa matupu. Walikuwa wameuona umati ule tangu asubuhi.

"Sasa mbona mlikaa tu?" Wofa Dapaah aliwafokea.

"Hatukuitwa, Wofa," alisema mmoja, akitia kete zake mfukoni kwa makini. "Siku tulipoondoka bila kuitwa ulitukata mshahara."

Wafiwa walipanda, na masufuria yao, na viti vyao. Wofa Dapaah alikuwa wa mwisho, mguu mmoja ngazini. Saa nne na nusu ilikuwa imepita, na Berekum si jirani.

"Dufie. Leo ndiyo Ijumaa yetu, unakumbuka?"

"Nakumbuka, Wofa."

"Kitu cha kubadilisha siku nimekipenda. Hiki cha leo sijakipenda. Basi tufanye hivi. Nikimwahi shemeji yangu akitoka, mnabaki na kazi. Nikimkosa, nawapigia Accra nikiwa palepale makaburini."

Basi likaondoka.

Dufie hakurudi ofisini. Alikaa ndani ya kibanda cha Maame Pomaa, akitazama saa, huku Barima Twum, aliyekuwa akimpigia dereva simu, akimtajia basi limefika wapi, kama vile ana macho ya mwewe. Saa nane wakasema wamefika Sunyani. Saa tisa kasoro robo dereva akapiga: kuna lori la mbao limelala barabarani. Dufie alifunga macho akaona kitambaa cha cherehani kikipepea. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Maame Pomaa alimnunulia ndizi za kukaanga zenye tangawizi na pilipili, Dufie akazila zote bila kujua, na pilipili ikabisha hodi baadaye.

Saa kumi na dakika saba ukaingia ujumbe wa Wofa Dapaah. Dufie alishindwa kuusoma, Maame Pomaa akausoma kwa ile sauti yake, stendi nzima ikasikia:

"Nimewahi. Marehemu mwenyewe ndiye amechelewa. Mwenye ufunguo wa chumba cha maiti alikuwa kwenye msiba mwingine."

Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, maana mji mzima ulishasikia habari za mlango wa ofisi ile: *Matangazo yenu ya msiba, myatundike na stendi.*

Tangu wiki ile ndivyo ilivyo. Dufie alikifundisha chombo chake kuchungulia pia kwenye ratiba na orodha zote za pembeni, na wale wanaoitwa kwa jina tu huchorewa mshale wa vitone vyekundu. Akyaa ana mmoja, mrefu, kutoka chooni mpaka dirishani. Ile picha sasa inaenea kwenye karatasi nane, na mjusi amerudi ukutani. Lakini kila tangazo hutundikwa mara mbili, ofisini na kwenye dirisha la tiketi, na Maame Pomaa huyasoma yote kwa miwani. Nusu ya marehemu huwadai kuwa ni ndugu zake. Wengi ni uongo. Anapenda tu kuulizwa.

Mama yake Dufie aliiuza ile cherehani, kwa Barima Twum, anayesema ni ya dada yake.

Na mwezi uliopita bibi mmoja wa kutoka Offinso, aliyekuwa akingoja basi, alisimama mbele ya tangazo la Nyarko mzee, kipande kilichokuwa kikistaafishwa kwa heshima. Akaomba asomewe. Akasomewa ndugu wote sitini na wawili. Machozi yakamtoka, akauliza mazishi ni lini na wafiwa wanavaa rangi gani.

"Si mtu, bibi," Dufie alimwambia, naye amekuja kubandika jingine. "Ni kipande cha programu."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akaitazama ile orodha tena kutoka juu mpaka chini.

"Hata kama," alisema. "Watu wote hawa wamemtegemea. Alikuwa na roho nzuri."